Simu ya Mwanafunzi ni Amana ya Nani?

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu kutoka Mkoa wa Tabora zinauliza jambo moja kwa sauti tofauti: simu za wanafunzi shuleni. Tumechagua barua tano, tumeondoa majina ya waandishi na ya shule zao, na tumezijibu moja baada ya nyingine.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Isevya, Tabora Mjini. Kazi yangu ni kuuza vitenge minadani, na siku nyingine narejea nyumbani saa mbili usiku. Mwanangu wa kwanza yuko kidato cha pili katika shule ya kutwa, nami nilimpa kitochi, simu ndogo ya vibonyezo, ili anijulishe akishafika nyumbani na kuwapokea wadogo zake. Mwalimu wa zamu aliikuta kwenye begi akaichukua, na nilipofuatilia nikaambiwa nitarudishiwa mtoto atakapomaliza kidato cha nne. Je, shule ina haki hiyo? Na kitochi kisicho na intaneti kina dhara gani darasani?

JIBU: Mama, pole kwa mahangaiko. Umeuliza mambo mawili, na majibu yake hayaendi upande mmoja. Katika kuizuia simu isiingie darasani, shule ina hoja nzito. Katika kukaa nayo miaka mitatu, haina.

Kipindi cha sekondari ni dakika 40, na katika shule zetu nyingi za kata mwalimu anazigawa dakika hizo kwa wanafunzi 60, 70 au zaidi. Simu moja ikilia, au ikitetema tu ndani ya begi, hairudishi nyuma mwenye nayo peke yake. Dawati zima linageuka, na uzi wa somo unakatika kwa mwalimu pia. Katika tathmini ya kimataifa ya PISA ya mwaka 2022, asilimia 65 ya wanafunzi wa nchi za OECD, umoja ambao wanachama wake wengi ni nchi tajiri, walisema kwamba vifaa vyao vya kidijitali huwatoa kwenye somo angalau katika baadhi ya vipindi vya hisabati, na asilimia 59 walisema hutolewa kwenye somo na vifaa vya wenzao. Ripoti ya elimu ya mwaka 2023 ya UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ilieleza kwamba mwanafunzi aliyekatizwa anaweza kuhitaji hadi dakika 20 kuirejesha akili yake kwenye kazi aliyokuwa akiifanya. Kwa kipindi chetu, hiyo ni nusu nzima.

Kuhusu kitochi, nakubali kwamba dhara lake ni dogo kuliko la simu janja. Lakini mwalimu wa zamu anayesimama getini saa moja asubuhi hawezi kupima kila simu na kuamua ipi ipite. Zaidi ya hayo, mtoto mwenye kitochi huichomoa laini na kuiweka katika simu ya kupangusa ya rafiki, nayo laini hiyo, kwa kuwa mtoto hasajili laini kwa jina lake, imesajiliwa kwa alama za vidole vyako. Lolote litakalofanyika kupitia namba hiyo, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Mama wengi hawalifikirii jambo hili hadi siku wanapoitwa.

Nisikufiche pia kwamba wataalamu hawajaafikiana juu ya ukubwa wa faida. Louis-Philippe Beland na Richard Murphy walichunguza mwaka 2015 shule 91 katika miji ya Birmingham, Leicester, London na Manchester, wakaona kwamba shule zilipopiga marufuku simu, alama za mitihani zilipanda, na waliopanda hasa ni wale waliokuwa dhaifu darasani. Wale waliokuwa wakifanya vizuri hawakubadilika. Watafiti wa Sweden waliporudia uchunguzi wa namna hiyo kwao, hawakuona tofauti yoyote ya kutajika. Mimi nashikilia upande wa katazo kwa sababu ya hao waliokuwa dhaifu darasani. Mtoto hodari hujirudisha mwenyewe kwenye somo. Anayeyumba akipotea dakika 20 hana wa kumrudisha, na jioni nyumbani hana mwalimu wa ziada.

Sasa tuje kwenye haki yako. Ibara ya 24 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na haki ya hifadhi ya mali yake. Sheria ndogo ya shule inaweza kuzuia simu isitumike, na inaweza kuruhusu ichukuliwe kwa muda, lakini haiwezi kuihamisha simu kutoka mikononi mwako kwenda mikononi mwa shule. Kitu kilichochukuliwa na kisicho chako ni amana, na mwenye kushika amana anapaswa kujua iko wapi, iko katika hali gani na itarudi lini. Simu iliyofungiwa kabatini miaka mitatu haitarudi ikiwa simu: betri itavimba, na laini isiyotumika hufungwa muda mrefu kabla ya hapo. Nenda kwa mkuu wa shule ukiwa na utulivu, omba uoneshwe kifungu cha sheria ndogo kilichotumika, ahidi kwamba simu haitarudi shuleni, kisha uiombe. Ukishindwa kuelewana naye, iko bodi ya shule, na juu yake yuko Afisa Elimu Sekondari wa Manispaa.

Hata hivyo, mama, tazama tena hitaji lako lenyewe. Unataka kujua kwamba mtoto amefika nyumbani. Basi makao ya kitochi hicho ni nyumbani, juu ya kabati, ambako atakikuta akifika na kukupigia akiwa na wadogo zake kando yake. Kwa dharura ya mchana, omba namba ya ofisi ya shule na uiandike mahali utakapoiona ukiwa mnadani. Na usiku, kichukue kabla hajalala. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham uliochapishwa mwaka 2025, uliohusisha shule 30 na wanafunzi 1,227, haukuona kwamba wanafunzi wa shule zenye makatazo makali wana afya bora ya akili kuliko wa shule nyingine, kwa kuwa saa wanazokaa na simu kwa siku nzima zilikaribia kuwa zilezile. Kilichozuiwa mchana hulipizwa kitandani.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa nidhamu katika shule ya bweni wilayani Urambo. Katika msako mmoja tumekuta simu 11, nyingine zikiwa zimefichwa ndani ya mkate uliochongwa, na nyingine zikichajiwa kwa nyaya zilizounganishwa na taa ya bweni. Baadhi ya wenzangu wanataka zivunjwe kwa nyundo mstarini ili iwe fundisho. Wengine wanataka tuzifungue tusome ujumbe ili tuwajue wenye mahusiano ya mapenzi. Na wote wanangoja nitoe viboko. Naomba mwongozo.

JIBU: Mwalimu, kabla ya simu tuzungumze kuhusu nyaya. Bweni lina magodoro, vyandarua na masanduku yaliyobanana, na watoto wamelala humo mlango ukiwa umefungwa. Waya uliovuliwa ganda na kuning'inizwa kwenye taa ni moto unaongoja usiku wake. Mwite fundi wa umeme leo, akague kila chumba, na hilo lifanyike hata kama suala la simu litasubiri hadi wiki ijayo.

Nyundo iwekeni chini. Nimekwisha kueleza juu ya mali na amana, na hoja ile inasimama hapa kwa uzito uleule, kwa sababu nyingi ya simu hizo ni za wazazi, na nyingine zimeazimwa kwa kaka na shangazi ambao hawajui hata ziliko. Lakini lipo jambo jingine. Mwanafunzi anayeona kitu cha thamani kikipondwapondwa mbele ya mamia ya wenzake hatoki pale na somo la nidhamu. Anatoka na hasira, na hasira ya bweni ni kitu cha kuogopwa. Mwaka 2019, wilayani Chunya mkoani Mbeya, sakata la simu za wanafunzi wa sekondari liliandamana na kuteketea kwa mabweni, na wanafunzi wakachapwa na mkuu wa mkoa mwenyewe, jambo lililozua mjadala nchi nzima. Sioni kwamba kuna aliyebaki na faida katika mkasa ule.

Kuhusu viboko, kanuni za mwaka 2002 ziko wazi. Adhabu hiyo ni kwa makosa makubwa. Haizidi viboko 4. Hutolewa na mkuu wa shule, au na mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike kama yupo. Na kila adhabu huandikwa katika daftari maalumu. Kuwa mwalimu wa nidhamu si kibali kwa chenyewe. Kama huna barua ya mkuu wa shule, usinyanyue fimbo, hata wenzako wakikusukuma. Na ukiniuliza maoni yangu, hata ukiwa na barua hiyo, simu haistahili fimbo. Kosa lake ni la kifaa kuwa mahali pasipo pake, na adhabu inayoshikamana na kosa ni kutenganishwa nacho kwa muda unaojulikana, mzazi akiitwa.

Kusoma ujumbe wa wanafunzi ni jambo zito kuliko wenzako wanavyolichukulia. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na ya mawasiliano yake, na tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Mwalimu hana kibali cha kupekua mapenzi ya kitoto kwa udadisi. Hali inabadilika pale inapoonekana dalili ya mtoto kudhuriwa: mtu mzima anayemrubuni binti, au picha za utupu za mwanafunzi. Hapo izimeni simu, ifungeni, msinakili wala kumtumia mtu yeyote kilichomo, kwa kuwa kusambaza picha za namna hiyo za mtoto ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mwiteni mzazi, mpelekeni mtoto kwa afisa ustawi wa jamii, na jambo lenyewe likabidhiwe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Kwa simu zilizobaki, kaa na mwalimu mwenzako mmoja, andika aina ya simu, hali yake, jina la mwanafunzi na tarehe. Mwanafunzi atie sahihi na wewe utie sahihi. Kila simu iingie katika bahasha yake, na bahasha ziende kwenye kabati la mkuu wa shule hadi wazazi watakapofika. Kazi hii haichukui saa mbili, nayo itakulinda siku mzazi atakapodai kwamba kioo kilikuwa kizima.

Kisha jiulizeni kwa nini zilikuwa 11. Nina hakika baadhi ni za muziki na picha. Lakini wilaya yako ni ya tumbaku, na katika miezi ya kuvuna na kukausha, wazazi wengi huhamia mashambani, karibu na mabani ya kukaushia tumbaku, ambako mtandao hupatikana kwa kupanda kichuguu. Mtoto wa bweni ambaye hajaisikia sauti ya mama yake kwa wiki sita atatafuta simu popote. Kama simu ya matroni au patroni ingepatikana kila Jumamosi alasiri, kwa orodha, kila mwanafunzi dakika tano, msako ujao ungekuta simu chache zaidi, na zilizobaki zingekuwa za wale wasio na kisingizio.

SWALI: Mhariri, mimi ni babu wa Sikonge. Mjukuu wangu wa darasa la sita ameletewa kutoka Dar es Salaam saa ya mkononi inayopiga simu na kupiga picha. Shule yao imekataza simu, ila saa haikutajwa. Aivae?

JIBU: Shikamoo, babu. Asiivae shuleni. Kifaa kinachopiga simu ni simu, hata kikivaliwa mkononi au kikitiwa sikioni. Ni vizuri azoee mapema kuiacha, kwa sababu katika vyumba vya mitihani ya taifa kukutwa na kifaa cha mawasiliano ni udanganyifu unaoweza kumfutia matokeo. Mnunulie saa ya mishale. Itamfundisha pia kusoma saa, jambo ambalo watoto wengi wa siku hizi hawaliwezi.

SWALI: Mimi ni msichana wa kidato cha tano hapa Tabora. Tunaambiwa simu ni sumu, lakini walimu wetu hupokea simu katikati ya kipindi, na mmoja hufundisha huku akitazama picha mjongeo chini ya meza. Vitabu vya somo langu havitoshi, tunagawana kimoja watu sita, ilhali vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vipo katika maktaba mtandao na ningevisoma kwa simu. Huu si uonevu?

JIBU: Binti yangu, umeandika kwa adabu na kwa ukweli, nami sitakujibu kwa kukuambia kwamba wakubwa hawakosei. Mwalimu anayepokea simu mbele ya wanafunzi aliowakataza simu ameivunja sheria ile kwa mikono yake, na hakuna tangazo la mstarini litakaloiunganisha tena. Walimu wa nchi hii waligawiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 ili viwasaidie kufundishia, na mwalimu akikitumia kuonesha mchoro wa moyo au ramani ya mito, hiyo ni kazi. Simu yake ya binafsi inapaswa kubaki ofisini kama yako inavyobaki nyumbani. Ningependa kila mkuu wa shule anayesoma ukurasa huu alitangaze hilo kwenye kikao cha walimu kabla hajalitangaza kwa wanafunzi.

Kuhusu vitabu, madai yako ni ya haki, ila dawa uliyoichagua siikubali. Ukiruhusiwa simu kwa ajili ya kitabu, ataruhusiwa pia mwenzako asiye na haja ya kitabu, na yule asiye na simu kabisa, ambaye katika darasa lako lazima yupo, atabaki nyuma ya wote wawili. Tuliliona hilo shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19: masomo yalipelekwa kwenye redio, televisheni na mtandao, na watoto wa nyumba zisizo na umeme wala bando wakabaki wakingoja shule zifunguliwe. Elimu inayotegemea simu ya mzazi huwagawa wanafunzi kwa mfuko wa mzazi.

Unachostahili kudai ni kwamba shule ikishakuondolea kifaa, ikuletee njia nyingine. Kompyuta tatu zilizounganishwa na intaneti, zikiwekwa maktaba chini ya msimamizi na kupangiwa ratiba ya saa kumi hadi kumi na mbili jioni, zitawasomesha wengi kuliko simu 40 zilizofichwa chini ya magodoro. Hata kompyuta moja yenye printa itatosha kuchapa sura ile mnayoigombania. Kusanyeni sahihi zenu kupitia serikali ya wanafunzi, andikeni barua kwa mkuu wa shule na nakala kwa bodi, mkitaja somo, kitabu na idadi ya nakala zilizopo. Barua yenye hesabu haipuuzwi kirahisi.

Nikuongezee jambo moja kwa kuwa wewe ni msichana. Nchini Norway, mtafiti Sara Abrahamsson alifuatilia shule za sekondari za chini zilizopiga marufuku simu, akaona uonevu kati ya wanafunzi umepungua, wasichana wameacha kwenda mara nyingi kutafuta tiba ya matatizo ya kisaikolojia, na alama zao zimepanda. Norway si Tabora. Lakini nawafahamu mabinti walioacha kula chakula cha mchana kwa sababu ya picha moja iliyozungushwa kwenye kundi la darasa, na natamani uwe na saa nane kila siku ambazo hakuna awezaye kukupiga picha.

SWALI: Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule ya sekondari wilayani Kaliua. Tunakutana mwezi ujao kuandika upya sheria ya simu. Wengine wanasema tunawaiga Wazungu, wengine wanasema Wazungu wenyewe wanaziruhusu. Tuandike nini?

JIBU: Ndugu Mjumbe, hakuna wa kumwiga katika hili, kwa sababu kila nchi inahangaika. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia simu katika shule za msingi na za sekondari ya chini. Uholanzi iliziondoa madarasani mwaka 2024. Brazil ilitia saini sheria yake Januari 2025, ikizuia hata wakati wa mapumziko, na Korea Kusini ilipitisha yake Agosti mwaka huohuo. Kwa hesabu ya UNESCO, hadi mwisho wa 2024 mifumo 79 ya elimu duniani ilikuwa na katazo la namna fulani, sawa na asilimia 40. Sisi tulitangulia wengi wao, kwa kuwa fomu zetu za kujiunga zimekataza simu kwa miaka mingi. Tulichokosa ni kuandika kinachofuata baada ya simu kukamatwa. Katika fomu nyingi, kukutwa na simu kumewekwa katika orodha moja na wizi, ulevi na kupigana, makosa yanayoweza kumfukuzisha mwanafunzi shule. Mtoto wa Kaliua kupoteza elimu yake kwa sababu ya kitochi ni jambo ambalo bodi yenu isilikubali.

Andikeni kwa Kiswahili ambacho mzazi asiyemaliza darasa la saba atakielewa akisomewa. Semeni ni vifaa gani: simu za aina zote, saa zinazopiga simu, visikilizi vya masikioni. Semeni mwanafunzi akikutwa nacho mara ya kwanza kitahifadhiwa siku ngapi, na mara ya pili siku ngapi, na kwamba kwa vyovyote kitarudi kwa mzazi kabla ya likizo kuanza. Wekeni ruhusa ya maandishi kwa mwanafunzi mwenye ulemavu anayetumia kifaa kusoma au kusikia, na kwa mwenye maradhi yanayohitaji kifaa cha kupimia. Wabrazil wameliweka hilo ndani ya sheria yao, na ni jambo la utu. Kateni pia kauli kuhusu simu za walimu darasani, katika karatasi ileile.

Mwisho wa karatasi hiyo, kwa herufi kubwa, iwepo namba ya simu ya shule ambayo mzazi ataipiga akiwa na msiba, ugonjwa au safari ya ghafla, pamoja na cheo cha mtu atakayeipokea na saa atakazokuwapo. Simu hiyo iwe na laini ya shule badala ya laini ya mwalimu anayeweza kuhamishwa kesho, na bajeti ya bodi itenge fedha za vocha yake kwa mwaka mzima. Msiipitishe sheria kabla simu hiyo haijanunuliwa na kupigwa ikapokelewa.